Mvumo Kifuani mwa Dada

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa sikukaa mahali. Shule niliiacha mapema, nikawa mtu wa leo Mlandizi, kesho Mzenga, alikoolewa dada yangu. Safari moja nilimkuta amekonda, akishika jembe kidogo tu anahema. Mama mkwe wake alikuwa amemwekea kiganja kifuani, akahisi kitu kikinguruma mle kama paka aliyeshiba. Akakata shauri: ni pepo, anataka ngoma. Fundi wa ngoma alikwisha kuitwa, mgonjwa acheze mpaka pepo apande kichwani.

Nilimwomba mama mkwe niende na dada kwa daktari Kibaha kwanza. Akakubali kwa shingo upande.

Daktari alimsikiliza dada, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimemwinamia yeye daktari begani, akanivika mipira yake ya kusikilizia masikioni. Mungu wangu! Du-du ya moyo niliitegemea, lakini katikati yake palikuwa na upepo, vuuu, vuuu!

"Hiyo ni damu," alisema. "Hata moyoni mwa mtu mzima wa afya damu huzunguka, kama maji unapoyakoroga ndooni, halafu inasukumwa nje kwa utulivu. Ya dada yako inabanwa kwenye mlango uliosinyaa. Ikipenya, inavurugika na kutetemesha kifua. Apelekwe hospitali kubwa mjini. Na hiyo ngoma uliyonieleza asicheze, moyo utamshinda."

Njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu. Damu inazunguka! Kumbe humu ndani muna mto!

Mzenga tulikuta ngoma zinakaushwa juani. Nikamweleza mama mkwe, akanikatiza:

"Daktari ameliona hilo pepo?"

"Amelisikia, mama."

"Hata mimi nimelisikia. Kwa mkono."

Mkono! Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli uliokatika, nikamvuta mama mkwe hadi bomba la kijiji, palepale mbele ya nyumba, nikauchomeka na kufungulia maji yote.

"Shika hapa, mama."

"Nimeshika. Maji."

Nikaubana mpira kwa vidole, juu kidogo ya kiganja chake. Mpira ukanguruma. Akashtuka, akaachia, akashika tena. Nikalegeza, mtetemo ukakoma. Nikabana, ukarudi. Wanawake wenye ndoo walisogea.

"Bomba limepandisha pepo!" mmoja akapiga kelele, wote wakaangua kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Aliuacha mpira, akamwendea dada, akamwekea kiganja palepale pa siku zote, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Ni kunguruma kulekule," alisema taratibu. Kisha akawageukia waliokuwa kwenye ngoma. "Zirudisheni ndani. Mwambieni fundi asije."

"Na pepo, mama?" dada akauliza.

"Kama yupo, atangoja. Wewe ndiye huwezi kungoja." Akanitazama. "Na wewe usiyetulia, leo hiyo miguu yako ina kazi. Katafute lori."

Sikungoja aseme mara ya pili. Nilitoka mbio hata kulifunga bomba nikasahau.