Jina Moja kwa PHP

Novemba moja, mama anayefanya kazi kiwandani Athi River alinifuata nje ya kanisa. Jina la mama yake halikusomwa kwenye misa ya marehemu, kwa kuwa hakupata ruhusa ya kuja Machakos kuliandikisha kwangu. Hakunilaumu. Alilia tu. Mimi, katekista mstaafu, nikamwahidi kwamba mwaka ujao ataliandika kwa kompyuta akiwa hukohuko.

Niliahidi kitu nisichokijua. Padri alinipatia kitabu cha PHP, lugha inayofanya ukurasa wa mtandao upokee maandishi ya watu. Mwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta na mtandao, ambaye nilimfundisha katekisimu akiwa mdogo, akanichapishia masomo mengine kutoka mtandaoni. Nikajifunza kwa njia niliyoijua, yaani kukariri. Mke wangu alishika karatasi, nami nikatamka mstari kwa mstari huku nikichambua maharagwe.

"Umeruka alama ya dola," alisema.

"Wapi?"

"Kabla ya jina. Na ile nukta yenye mkia hukuisema. Mtoto wa komunyo ya kwanza ungemrudisha mwaka mzima!"

Sura ilipoingia kichwani yote, nikaenda saiba nikaiandika bila kutazama karatasi. Nilipofungua ukurasa, kompyuta ilinionyesha maneno yangu yaleyale, pamoja na dola zake. Pa kuandika jina hapakuwapo.

"Aiya, Mwalimu!" mwenye saiba akacheka. "Hata yenyewe imekariri!"

Nikaandika upya mara nne. Mwishowe nikaomba msaada kwenye jukwaa la mtandaoni ambako wajuzi hujibu maswali. Nilianza kwa kuwajulia hali wao na familia zao. Wa kwanza akajibu: "Soma mwongozo." Nilikuwa nimeusoma hadi karatasi zikachakaa. Wa pili, Mungu ambariki popote alipo, akauliza kama kompyuta ina programu ya seva, kwani PHP haifanyi kazi bila hiyo. Mwenye saiba akaiweka. Kisanduku cha jina kikatokea, nami nikafanya ishara ya msalaba.

Nikampigia simu yule mama afungue ukurasa. Hakuona kitu. Mwenye saiba alinieleza mara tatu kwamba ukurasa uko ndani ya kompyuta hii moja tu. Niliutazama waya unaoingia ukutani, na sikuelewa kwa nini mambo yanakuja kupitia humo lakini langu haliwezi kwenda.

"Mwalimu, kesho ndiyo mwisho wa kupeleka majina," mama alisema kwenye simu. "Sasa itakuwaje?"

"Nitajie. Polepole."

Akanitajia herufi kwa herufi, mashine zikivuma nyuma yake. Nikaliandika kwenye kisanduku, nikabonyeza, kompyuta ikajibu kwamba imepokea. Imepokea na kupeleka wapi, sikujua. Nikaliandika pia kwa kalamu, nikampelekea padri mkononi.

Siku ya misa kila familia ilisimama jina la marehemu wake liliposomwa. Mama alikuwa zamu kiwandani. Lilipotajwa la mama yake, nikasimama mimi.