Mashine ya Pumzi Yafika Kagunga

Kaka yangu Shabani alisema sitafika Kagunga kwa boti bila kutapika. Kasimu, fundi redio wa mtaani kwetu Katubuka, alisema nitafika, ila mashine itanizimikia siku ya kwanza. Shangazi Mwajuma wa Ujiji alisema hata ikiwaka, watu wa kule hawatapulizia kitu cha mgeni. Hao hao watatu ndio walionikopesha vifaa vya safari: Shabani jaketi la kuokolea, Kasimu betri, shangazi chupa ya chai. Walinikopesha huku wakicheka. Niliapa kuwarudishia vyote, pamoja na maneno yao.

Mnanijua. Nilisukuma mkokoteni stesheni ya Kigoma, nikajilipia ada mwenyewe, nikapata stashahada ya utabibu, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka sita, nikarudi. Sasa nimo katika utafiti wa ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaobana njia za hewa taratibu mpaka mtu anashindwa kupanda kilima cha kwao. Nilitumwa na mashine ya kupima pumzi za akina mama wanaobanika samaki. Daktari, mkuu wa utafiti wetu, alinipa siku tatu. Nisipoleta vipimo vinavyokubalika, Kagunga inafutwa kwenye utafiti, na hakuna mgonjwa wa huko atakayeitwa kliniki ya Kigoma mjini.

Kibirizi, saa mbili asubuhi. Boti ya injini iliondoka na magunia ya unga, magodoro, mbuzi wawili na mtaalamu mmoja. Siku nilizichagua mwenyewe, za mwezi mpevu: mbalamwezi ikiwaka, samaki hawafuati taa za wavuvi, kazi inasimama na akina mama wanapumzika. Ziwa Tanganyika lilikuwa la buluu mpaka macho yanauma. Sikutapika. Karibu na Mwamgongo nilitema mate kidogo, na nahodha ni shahidi wangu.

Kagunga, alasiri. Nilipokewa na Mzee Bukuru, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu mwenye watoto wa kiume saba, wote wameoa. Alinipa ua wake, akaweka kiti chake mbele kabisa aone kazi ya mashine.

Asubuhi iliyofuata akina mama walijipanga, nikawasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," wakafurahi. Nikawaeleza kwamba mtu anavuta hewa mpaka mwisho, anabana midomo kwenye bomba, anapuliza kwa nguvu zake zote mpaka asibaki na kitu. Wakapuliza kumi na mmoja, na mashine ikakataa wote. Pumzi zilitoka kama za mtoto anayeota.

Mnadhani nilihuzunika? Nilidhani nimegundua kijiji kizima kisicho na mapafu, na jina langu litaandikwa juu kabisa ya ripoti. Nikampigia daktari kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wanaumwa, au walikuwa wanapooza uji? Kesho niletee pumzi, bwana, usiniletee hadithi."

Jioni nilikaa na mashine yangu mapajani. Akaja Mama Esta, mbanikaji wa miaka mingi, aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni na hakufikiwa. Alikaa mbali kidogo, na kikombe chake mwenyewe mkononi. Alikohoa kwanza, kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "wale nusu yao ni wakwe wa Bukuru. Ulitaka wavimbishe mashavu na kutoa macho mbele ya baba mkwe?"

Stashahada yangu ilikuwa begini. Niliona afadhali ibaki humo humo.

Alinikopesha kibanda chake cha kubanikia. Majiko yalikuwa yamepoa, milango wazi, na hakuna mwanamume ila mimi, ambaye walisema sihesabiki. Kesho yake niliacha maneno ya kitabuni. Niliwaambia wapulize kama kuni ni mbichi na mteja yuko mlangoni. Lo, walipuliza! Wenzao wakawashangilia kama uwanja wa mpira, wengine wakashindana, mmoja akapuliza mpaka kilemba kikamwanguka. Mashine ikakubali, ikakubali tena. Nami nilirukaruka na kalamu sikioni.

Kisha akaketi Mama Esta. Alipuliza vizuri kuliko wote, mara tatu, lakini mstari kwenye kioo ulikuja mfupi. Nikampa dawa ya kuvuta, ile ya kufungua njia za hewa, tukasubiri robo saa, akapuliza tena. Mstari haukubadilika sana.

Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba zahanatini walimpima makohozi mara mbili, hawakuona kifua kikuu. Majirani hawakuamini. Ndiyo maana alitembea na kikombe chake: hakuna aliyetaka kunywea alichonywea yeye.

Nikamjibu kuwa jibu ni la daktari, nami nitalileta mwenyewe.

Kigoma, siku ya nne. Daktari alivipitia vipimo, akasema Kagunga inabaki. Nilimrudishia Shabani jaketi kavu, Kasimu betri nzima, na shangazi chupa iliyojaa asali ya Kagunga. Aliionja, akasema huenda watu walinipulizia kwa huruma.

Lakini nilikuwa bado nadaiwa kibanda. Mama Esta aliitwa kliniki, akapimwa tena, akapewa dawa. Safari ya kumrudisha nilimsindikiza na barua ya daktari. Tulimkuta Mzee Bukuru na majirani wamezunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Mama Esta akanitaka niisome barua kwa sauti. Nikaisoma: ni ugonjwa sugu wa mapafu, unaohusishwa na moshi wa miaka mingi, si kifua kikuu, na haumwambukizi mtu.

Mzee Bukuru aliiomba barua, akaitazama kwa muda, akanirudishia. Kisha akasogeza kigoda chake, akachukua mrija mpya, akamwekea Mama Esta chunguni.

Alivuta, akakohoa sana, akavuta tena. Hakuna aliyeondoa mrija wake.

Kagunga nilijifunza kuuliza kwanza nani ameketi mbele ya mgonjwa. Na siku hiyo, ndugu zangu, nilikuwa sidaiwi na mtu.