Jina la Banda la Farasi

Kuna asubuhi moja ambayo mpaka leo sijui kama niliiona au niliiota. Ukungu umelala juu ya mahindi, mlima hauonekani, na ndani ya ule weupe anatoka farasi wa kijivu. Kando yake anatembea baba yangu bila viatu, mkono wake shingoni mwa mnyama kama mtu anayemsindikiza rafiki. Hawaongei. Baba anapiga mdomo tu, ulimi unagonga juu mara mbili, kisha pumzi ndefu: tk-tk, hooo. Farasi anageuza sikio. Halafu ukungu unawameza tena, na mimi nimebaki nimesimama na kikombe cha uji kinachopoa.

Huo ndio urithi wangu. Ng'ombe hakuacha, shamba hakuacha. Aliacha ile sauti na jina. Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la mzungu nje ya Kitale, na Saisi ndilo jina langu la mwisho, na la watoto wangu, na la wajukuu. Majina mengine ya watu sitayaandika hapa. Wenyewe wako hai na wana midomo.

Shule niliacha darasa la tatu. Nasema wazi, sioni haya. Kisiagi changu cha mahindi hapa Matisi, pembeni mwa Kitale, nilikijenga mwenyewe, hakuna mtu alinishika mkono. Juu ya mlango nilimwambia mchora mabango aandike jina la baba kwa herufi nyekundu, kubwa, mpaka mtu wa barabarani alisome bila kusimama. Watu hawasemi wanaenda kusiaga. Wanasema wanaenda kwa Saisi. Na usingizi ukinichukua mchana, mashine ikiwa inanguruma, ule mngurumo unabadilika polepole unakuwa kwato, na naona banda, na nyasi kavu, na mvuke unatoka kwenye pua za farasi.

Baba alikufa mimi nikiwa mdogo. Kwa hiyo nilikua nikilifuata lile jina kama mtu anayefuata mto kurudi juu. Nikisikia kuna Saisi mahali, moyo unaruka. Niliamini sisi wote tumetoka chemchemi moja, kama maji ya mlima huu wetu: mengine yanashuka Malakisi, mengine Cheptais, mengine yanafika Bungoma mjini yakiwa machafu, lakini ni maji yale yale.

Mmoja nilimpata Malakisi. Nilikuwa nimeenda kutafuta mahindi ya kununua. Pale darajani kulikuwa na punda amebeba tumbaku, amekataa kuvuka, na watu wanampiga. Akaja mwanamume mmoja mrefu, akawasukuma wale watu, akamshika punda shingo, akafanya: tk-tk, hooo.

Ilikuwa kama baba ametoka kwenye ukungu akavaa koti la mtu mwingine. Punda akavuka. Mimi nikamfuata yule mtu.

"Wewe," nikamwambia, "hiyo sauti umetoa wapi?"

"Kwa baba yangu. Kwani unaitaka? Nitakuuzia."

"Baba yako aliitwa nani?"

"Saisi. Alichunga farasi za wazungu huko Kitale mpaka farasi mmoja akamvunja mguu."

Nilimkumbatia pale pale, na harufu yake ya tumbaku mbichi. Akaniuliza kama nina akili. Nikamwambia baba yangu pia. Akanitazama usoni, akasema, "Hata masikio yako makubwa ni ya kwetu." Tangu siku hiyo akawa ndugu yangu.

Ukoo wake sikuuliza. Wangu hakuuliza. Kwetu Wabukusu hilo ndilo swali la kwanza kabla ya maji ya kunywa, lakini kila mmoja alidhani jina limekwisha jibu. Mtu anapiga mdomo kama marehemu baba yako, utamuuliza ukoo wa nini?

Basi tukawa ndugu. Alinitania nikamtania. Alikuwa akiingia kwangu bila kubisha, anaangalia ndani ya sufuria, anamwita mke wangu kukhu, yaani nyanya: "Kukhu, huyu umemlisha nini, amekuwa kama gunia la pumba?" Kaka yake mkubwa alipofariki, nilienda Malakisi nikakaa mpaka siku ya kunyoa. Kwetu sisi, baada ya mazishi, watu wa damu ya marehemu wananyolewa nywele. Majirani hawanyolewi. Marafiki hawanyolewi. Mzee mwenye wembe aliuliza, "Nani bado wa nyumba hii?" Ndugu yangu akanisukuma bega. Nikavua kofia. Nakumbuka yale maji baridi kichwani, na nywele zangu za mvi zikianguka kwenye majani ya mgomba pamoja na zao, mpaka huwezi kujua za nani ni zipi. Nililala siku hiyo nikijiona nimefika nyumbani.

Miaka ikapita. Sasa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, ni nesi hapa Kitale. Huyo ndiye amerithi ubishi wangu. Akaja kwangu akaniambia amepata mtu.

"Wa wapi?"

"Wa Malakisi, kuka." Kuka ni babu kwa lugha yetu. "Tena utafurahi. Ni Saisi."

Kijana mwenyewe alikuwa mjukuu wa yule ndugu yangu.

Nilimwambia hapana, huyo ni kaka yako. Akacheka, akadhani ni utani. Kisha akaona sicheki. Alisema, "Kuka, damu gani? Tumeulizana. Ukoo wao si ukoo wetu." Na akautaja. Kweli, haukuwa wetu.

Wazee wa ukoo wetu walipokuja, nilitumaini watasema basi, koo ni mbili, waoane. Mmoja wao, ambaye hajui kuzunguka maneno, aliweka kikombe chini.

"Wewe ulinyolewa kwao au hukunyolewa?"

"Nilinyolewa."

"Kama damu?"

"Kama damu."

"Basi mababu zenu mmoja alibadilisha ukoo huko mashambani. Watu walifanya hivyo wakikimbia mambo yao. Wewe mwenyewe umeimba miaka yote ati Saisi ni mmoja. Umeandika mpaka kwenye ukuta. Sasa unataka tusikie wimbo gani? Walionyolewa pamoja hawaoani. Ukitaka harusi, lete mtu aliyewaona hao baba wawili kwa macho."

Mjukuu wangu hakulia mbele yao. Alitoka nje akasimama karibu na kisiagi, chini ya lile jina jekundu, amefunika uso kwa sweta yake ya kazi. Mke wangu akaniambia, "Ulikuwa unatafuta ndugu kila soko. Sasa umewapata. Kula."

Aliyekuwa amewaona alikuwa mmoja tu ninayemjua. Ni mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo vya maziwa katika lile shamba, rafiki wa mama yangu. Siku hizi anakaa Cheptais kwa binti yake. Nilipanda huko nikiwa na sukari na majani ya chai. Kule juu wingu linapita mlangoni kama kuku. Alikuwa ameketi katika jua dogo lililokuwepo, kitambaa kichwani, macho yamekuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Mayi," nikamwambia, yaani mama, "ni mimi, mtoto wa saisi."

"Saisi yupi?"

Nikaweka ile sukari chini.

"Kwani walikuwa wangapi?"

"Wewe mtoto, nyumba ile ilikuwa na farasi kabla baba yako hajaota ndevu. Kwanza kulikuwa na mrefu mmoja wa Malakisi. Huyo ndiye alifundisha yule wa kijivu kusikia mdomo. Tk-tk. Farasi hakutaka sauti nyingine. Halafu akavunjwa mguu, wakambeba kwa gari la ng'ombe kwenda kwao. Asubuhi yake mzungu akasimama mlangoni mwa banda akaita, 'Saisi!' Nani aitike? Baba yako alikuwa anafagia mavi. Akaitika."

"Walikuwa ndugu?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Ndugu! Baba yako alitoka upande wa Bungoma huko chini, na yule wa Malakisi alikuwa hamwiti hata jina, anamwita 'wewe wa ufagio'. Lakini alimfundisha ile sauti, maanake farasi angemuua. Na baada ya baba yako kufa akaja mwingine, mtu wa kabila la Wateso, mweusi, mfupi, naye akaitwa Saisi, akarudi kwao na jina hilo hilo. Watoto wake wako nalo huko Busia. Lile jina lilikuwa la banda. Aliyeingia alivaa, kama koti la mvua limening'inizwa mlangoni. Nyinyi wenyewe ndio mmelifanya damu."

Niliketi pale mpaka wingu likaingia ndani na kutoka. Sikujua kama nina furaha. Mjukuu wangu ameponywa, hilo nililijua. Lakini ile asubuhi yangu ya ukungu ilianza kubadilika nikiitazama. Yule anayetembea na farasi, mkono shingoni, alikuwa anatembea katika nyayo za mtu mwingine, anaongea kwa mdomo wa mtu mwingine. Na mimi niliyejisifu kila mahali kwamba hakuna mtu alinipa kitu, hata jina langu lilikuwa la kuazima. Yule mama akasema, kama amenisikia, "Lakini alimpenda yule farasi, baba yako. Hilo hakupewa na mtu."

Binti yake alikubali kumleta mama yake Malakisi kwa ndugu yangu, naye akaja amefungwa blanketi. Wazee wa pande mbili waliketi. Akasema vile alivyoniambia, tena mbele ya wote akarudia ile ya ufagio, na watu wakacheka, mimi pia nikacheka kidogo. Halafu mzee wetu yule asiyezunguka maneno akasema neno la mama limetosha kwa damu, lakini wembe hauwezi kuondolewa na mtu mwingine. Walionyolewa ndio wasimame, kila mmoja ahesabu baba zake kurudi nyuma, bila kutaja Saisi hata mara moja, na ukoo wa mama zake, kisha amkane mwenzake.

Nilisimama. Nikahesabu. Jina la kazi lilipotaka kutoka nililimeza. Nilishangaa jinsi watu walivyokuwa wengi nyuma ya baba, wote hawakuwahi kuona farasi. Ndugu yangu naye akasimama akahesabu wake. Hakuna mahali tulikutana. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza mito miwili usiku, akitumaini mahali fulani itaungana, na haiungani.

Ikabaki kukana. Alinitazama.

"Anza wewe," akasema.

"Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Mimi nilikusukuma bega siku ile. Sikukulazimisha kuvua kofia. Anza."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na wanawake. Nilimwona anashikilia fremu ya mlango. Basi nikasema. Nikasema kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mambo kama hayo ukiyanong'ona hayashiki: "Huyu si ndugu yangu. Hatukuzaliwa nyumba moja. Nywele zangu zilianguka hapa kwa kutojua."

Kisha akasema, "Huyu si ndugu yangu." Na akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo pengine ni mimi tu nilisikia, "Masikio pia si ya kwetu."

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho kwangu. Kwetu wakwe hawataniani. Mkwe haingii kwako bila kubisha, haangalii ndani ya sufuria. Mnapeana mkono, mnakaa mbali mbali, mnaulizana habari ya mvua.

Walipoleta ng'ombe za mahari hapa Kitale, walikuja na pikapu mbili. Wazee wao waliketi chini ya turubai upande wa kulia, sisi kushoto. Yeye alivaa suti, mgongo wima, mikono juu ya fimbo. Tulisalimiana kama watu wa benki. Mjukuu wangu alikuwa anang'aa, mafuta usoni, anapita na sinia la soda hata hatazami anakoweka mguu. Niliona hiyo, nikatosheka. Jina liko palepale juu ya mlango, jekundu. Sikulifuta. Nilimwambia mke wangu kwamba baba aliitika, na aliyeitika ndiye mwenyewe.

Ndama wa mwisho alikataa kushuka kwenye pikapu. Vijana wakamvuta kamba, wakamsukuma nyuma, mmoja akamkunja mkia. "Shuka, bana!" Ndama amekita miguu kwenye mbao, macho yametoka. Watu wakaanza kupiga kelele, kila mtu na ushauri wake.

Sikufikiria. Ulimi wangu uligonga wenyewe, tk-tk. Na kutoka upande ule mwingine wa turubai, wakati huo huo, ikatoka tk-tk nyingine, na zile pumzi ndefu zikakutana katikati ya uwanja zikawa moja.

Ndama akageuza sikio. Akashuka.

Mkwe wangu alikuwa anatazama fimbo yake. Mimi nikatazama mlima. Ulikuwa umefunikwa, ukungu mpaka chini.