Olive wa Winchi

Olive Garside aliamka na hasira, na hakuna wa kumlaumu. Mumewe Wilf, baharia wa meli ya kutegua mabomu, alikuwa bandarini pale pale Hull, Uingereza, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na meli ilikuwa ing'oe nanga saa kumi jioni. Ruhusa ya kutoka Olive alikuwa nayo mfukoni, imetiwa sahihi na muhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumpokea zamu ya winchi!

Kabla ya vita alikuwa mfumaji kiwandani Halifax. Sasa alikuwa askari wa jeshi la anga ambaye hajawahi kukanyaga ndege. Kazi yake ilikuwa puto, dubwana kubwa kama nyumba, limejaa gesi, limefungwa kwa kamba ya chuma na kupandishwa juu ya bandari ili ndege za Wajerumani zisithubutu kushuka chini. Wanawake kumi na wawili walilihangaikia usiku na mchana. Upepo ukigeuka, wanalo. Mvua ikinyesha, wanalo. Viganja vimechubuka, viazi kila siku, na bado wanaume wa mjini wakipita huwauliza kama wanashona mapazia.

Olive ndiye aliyeendesha winchi, mashine ya juu ya lori inayovuta na kulegeza kamba hiyo, ameketi ndani ya kizimba cha waya, kwa sababu kamba ile ikikatika hukata na kichwa cha mtu. Mwenzake wa zamu alikuwa kalazwa na matubwitubwi. "Msaidizi atafika saa sita," makao makuu walisema kwenye simu. Saa sita ikapita, saba ikapita, nane nayo hiyoo.

Kilichomchoma zaidi ni barua. Mwezi wa tatu Wilf alipewa likizo ya siku saba. Sita akazimalizia kwa mama yake, Whitby, akimjengea banda la kuku. Mke akabakiziwa siku moja! Olive alivumilia weee, mpaka Jumatatu hii uvumilivu ukamwishia, akaandika: "Umemwoa mama yako. Kaa naye. Usinitafute." Akaiposti hasira zikiwa bado za moto. Kesho yake alijuta hadi chakula kikamshinda. Alitaka amwahi Wilf kabla barua haijamfikia.

Saa tisa Peggy Lumb, aliyekuwa zamu ya getini na rungu na filimbi yake, akapiga ukelele. "Olive! Mumeo huyu hapa!"

Mwanamume haruhusiwi kuvuka geti lile, hata awe nani. Olive alikuwa ameshatoa mguu mmoja kizimbani simu ilipolia. Koplo Muriel Tasker, mkuu wa kituo, akachungulia kutoka kibanda cha simu.

"Shusha! Futi mia tano!"

"Afande, dakika mbili tu! Mume wangu yuko getini!"

"Hata angekuwa baba yako! Shusha!"

Akarudi kitini akiwatukana kimoyomoyo makao makuu yote na matubwitubwi yao. Winchi ikianza kunguruma humsikii aliye mbali, na macho hayabanduki kwenye kamba. Ndiyo maana amri zilipitia kwa Connie, aliyesimama katikati ya uwanja akipokeza kwa sauti. Olive akaona potelea mbali.

"Connie! Mwambie asifungue barua!"

"Peggy! Asifungue barua!"

Jibu likarudi njia ile ile. "Anasema ameshaisoma! Jana!"

Olive akapaza sauti zaidi. "Mwambie nilikuwa na hasira! Naomba radhi!"

Wasichana waliokuwa wakingoja kushika kamba walisikia kila neno, na hawakujifanya hawasikii.

"Anasema radhi ya nini? Umesema kweli!" Connie alikuwa anacheka sasa. "Anasema banda la kuku lingengoja! Likizo ijayo siku zote saba ni zako!"

"Likizo ijayo ni lini?"

Swali likaenda, jibu likarudi. "Anasema hajui."

Olive alikuwa analia, macho kwenye kamba. Neno lenyewe hajawahi kulisema mbele za watu, sembuse kulitangaza. "Mwambie nampenda! Hata akija na mama yake, nampenda!"

Connie akafungua kinywa, na koplo akatokeza tena. "Pandisha! Elfu tano! Wamebadili!"

Amri kwanza. Connie akaipokeza, wasichana wakakimbia, Olive akasimamisha winchi, akabadili gia, akaanza upya. Kamba ilipofika mwisho alizima injini na kuchomoka kizimbani mbio. Getini alikuwa Peggy peke yake.

"Ulimwambia?"

"Connie alichelewa kunipa, shoga. Basi lilikuwa limeshafika. Nilimpigia kelele mgongoni."

"Akageuka?"

Peggy alishindwa kumtazama usoni. "Basi lenyewe lilikuwa linanguruma," alisema.

Saa kumi na robo msaidizi aliwasili na baiskeli, akauliza kama chai imebaki. Olive alimpita tu. Alipanda juu ya lori la winchi, akaona bomba la moshi la meli likisogea nyuma ya maghala, akalisema lile neno kwa sauti yake yote, mara tatu, injini ikiwa imezimwa. Koplo Tasker alitoka kibandani kuja kumnyamazisha. Akamwangalia kidogo, kisha akarudi ndani.