Yai Viza Dirishani

Mume wangu Mwangangi hafunui sufuria kama watu. Hata ya maharagwe, lazima asimame upepo ukimpiga mgongoni, ageuze uso, ndipo afunue.

Alifanya kazi bandarini Mombasa, akichota sampuli za mafuta mazito ya meli ili zipelekwe kupimwa. Mafuta hayo huweza kutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Ikizidi, huua pua kwanza. Hunusi kitu tena, na gesi bado iko.

Siku moja walifungua tangi, na mwenzake Titus, mtu wa Wusi, akavua maski. "Harufu imeisha," akasema, akainama kuchota. Hakuinuka.

Mwangangi akaacha kazi, akarudi kwetu Mbololo. Tangu hapo, kuku wangu akitotoa, yeye huchukua yai viza moja lililobaki kwenye kiota, akalitoboa na kuliweka dirishani. Nyumba yangu, jamani! Kuna siku nilichoka. Nikalitupa shimoni, nikapiga deki.

Alipotoka shambani alisimama mlangoni, akanusa, akanusa tena. Kisha akanikamata mkono, akanikokota mpaka nje, upande upepo unakotoka.

"Ni mimi nimelitupa!" nikamfokea, huku nikiinama kuokota kiatu kilichonivuka. "Harufu imeisha!"

Akanishika mabega, akaniinua.

"Usiiname, Titus," akaniambia.

Siku hizi viza namwekea mwenyewe. Wageni wakiingia huziba pua. Yeye ndipo hupumua.