Bunduki Tano za Mume wa Shangazi

Tulikuwa na mwaka mmoja Maskati tangu kutoka Unguja, mume wa shangazi yangu alipofariki akaacha bunduki tano kuukuu za kijeshi. Kila alasiri alikuwa akijifungia nazo chumbani, eti anazisafisha. Eda ilipokwisha, shangazi akamwita mnunuzi wa silaha kutoka mji wa Qurayyat, aliyewahi kuishi Pemba. Mimi na shangazi tukakaa nyuma ya pazia, tukichungulia.

Mnunuzi akapitisha ufito kwenye mtutu wa kwanza. Zikatoka sigara mbili. Mtutu wa pili ukatoa tatu, zimeviringishwa kwenye kitambaa safi.

Shangazi akalisahau pazia. "Huyu marehemu kaniapia kaacha sigara! Nikimuuliza harufu gani hii, ananambia baruti!"

"Bi mkubwa," mnunuzi akasema kwa upole, "hizi hazijapigwa tangu vita vya Mjerumani."

Shangazi akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

Akaziuza nne; ya tano akamkataza mnunuzi asiipitishe ufito. "Hii moja nnaiweka," akasema. "Ntaifungua mwenyewe, nijue kanidanganya kiasi gani."

Ikakaa ukutani miaka, na sikumwona hata siku moja akiigusa.