Dhambi Zilipomwishia Dani

Harufu ya kanzu nyeupe ikipigwa pasi ya makaa, hasa ile iliyotiwa uji wa muhogo ikakauka kau, mpaka leo inanikasirisha. Wenzangu wakikumbuka utoto wao hutabasamu. Mimi nikiisikia harufu hiyo nataka kugombana na mtu, na watu wa kugombana nao wamekufa wote, Mungu awarehemu.

Kanzu ilikuwa ya nyanya yangu, ambaye sisi Wajaluo tunamwita Dani. Tulikaa naye karibu na Otonglo, mimi na mama, wakati baba akiendesha lori la miwa huko Muhoroni na kurudi mwisho wa mwezi akinuka molasi. Miaka ya sitini ilikuwa inaishia, nami nilikuwa darasa la nne. Kanisa letu lilikuwa dogo, la udongo na mabati, la kanzu na ngoma, nasi tulisali Jumamosi tukiwa miguu mitupu. Hospitali ilikuwa imekatazwa. Mgonjwa alikalishwa kwenye mkeka mbele ya madhabahu akatubu dhambi zake hadharani, na asipopona, basi tulijua kuna moja ameificha.

Aliyekuwa akiwabana wagonjwa hao ni Dani mwenyewe. Kwa miaka ishirini hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliinama karibu na sikio la mgonjwa na kumwambia polepole, "Iko moja umebaki nayo. Itoe." Nilimwona fundi wa baiskeli, mwanamume mzima mwenye ndevu, akilia na kukiri kwamba alimtamani shemeji yake, na mkewe ameketi pale pale akinyonyesha. Wengine walipona. Wasiopona tuliambiwa walikwenda na siri zao.

Sasa sikilizeni. Siku moja, kwenye maandamano ya kanisa letu katika barabara ya Busia, Dani akakanyaga kifuniko cha soda. Kidole gumba kikapasuka kidogo tu, jeraha ambalo mtoto angelisahau siku ya pili. La Dani halikukauka. Likaanza kutoa usaha, kisha harufu. Huku nako alikuwa anakonda, na anakunywa maji mpaka mtungi unaisha kabla ya saa sita. Leo hata mtoto wa shule angewaambia kwamba huo ni ugonjwa wa sukari. Sisi tulimkalisha kwenye mkeka.

Jumamosi ya kwanza alitubu vizuri sana. Alisema kwa Kijaluo, na Bwana Shadraka, mkalimani wetu, akageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya ndugu zetu Waluhya. Kwa hiyo kila dhambi ya Dani ilisikika mara mbili, na ya Kiswahili ilikuwa nene zaidi, maana Bwana Shadraka alipenda kupamba. Jumamosi ya pili akamaliza zilizobaki, hata za usichana wake. Kidonda kikazidi. Mzee Yeremia, mchungaji, akatikisa kichwa na kusema yale yale ambayo Dani alikuwa akiwaambia watu: iko moja imebaki.

Ijumaa iliyofuata, nilipotoka shule, Dani akaniita kando ya kitanda chake.

"Akinyi, wewe unanionanga kila siku. Nimekosa wapi tena?"

Mimi nililichukua jambo hilo kama kazi ya nyumbani. Nikatoa daftari, nikachonga penseli. Niliandika kwamba alimtukana jogoo wa jirani. Niliandika kwamba alisinzia kwenye maombi ya mfungo, na kwamba aliwahi kusema mke wa mchungaji akiimba kuku wanaacha kutaga. Zilipoisha hizo, nikampa zangu. Nilikuwa nimeiba sukari guru ya mama, nimemdanganya mwalimu kwamba nina homa siku ya hesabu. Dani akazipokea bila kuuliza ni za nani.

Basi kesho yake ajuza wa miaka sabini, anayeheshimiwa kutoka Otonglo mpaka mjini, akaungama mbele ya watu kwamba alikwepa hesabu. Bwana Shadraka alimtazama kidogo kabla ya kutafsiri. Mama yangu akageuka taratibu, akanitazama mimi. Nilichapwa, lakini sikujuta, kwa kuwa niliamini namponya Dani.

Baba alirudi mwisho wa mwezi. Alipoufunua ule mguu akasema lori liko nje, waende hospitali mjini sasa hivi.

"Nikienda mimi," Dani akamjibu, "na wale niliowakataza je?"

"Mama, wale ni wale. Mguu ni wako."

Alikataa. Nami, kwa ujinga wangu, nikamfuata baba mlangoni nikamwonyesha daftari. "Baba, ngoja kidogo, ziko karibu kuisha." Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama. Hakunikaripia. Alitoka akaketi kwenye ngazi ya lori lake, na alfajiri akarudi Muhoroni peke yake.

Jumamosi ya tano Dani alibebwa na wanawake wawili. Mguu ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Aliketi mkekani, akasema kwa Kijaluo, "Nilimkataza Turfena kumpeleka mtoto wake hospitali."

Turfena alikuwa mama wa Kimaragoli, mmoja wa wale ndugu zetu Waluhya, aliyekaa Obunga na kuuza mboga. Miaka miwili nyuma mwanawe wa miaka mitatu alilala kwenye mkeka ule ule akiwaka homa, na kwa kuwa mtoto hana cha kutubu, Dani alimbana mama yake mpaka mtoto akakata roho. Turfena hakuliacha kanisa. Alikuwa akikaa nyuma karibu na mlango, na siku hiyo alikuwa hapo.

Bwana Shadraka hakutafsiri. Mzee Yeremia akasema haraka, "Hiyo si dhambi, Mama. Hiyo ni imani. Toa ingine," akamwashiria mpiga ngoma. Walikuwa wamepokea dhambi za jogoo, wamepokea na zangu. Hiyo moja waliikataa, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Dani akainua mkono, ngoma ikanyamaza. Akageuka kuelekea mlangoni, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Turfena. Mtoto yako, mimi ndio nilikataza wewe peleka hospitali. Mimi nilikosa. Si wewe."

Turfena alikuja mbele akachuchumaa karibu naye. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Najua, Mama. Nilijua siku ile ile. Sasa wewe simama uende. Unataka nikae hapa niangalie tena?"

Yeye na mama yangu walimshika huku na huku, wakamtoa kanisani, wakasimamisha basi. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Daktari alisema angeletwa wiki tatu mapema wangekata kidole tu. Kanisani wakasema mguu umekwenda kwa kukosa imani, na hakuna aliyekuja kumtazama isipokuwa Turfena na mboga zake.

Dani aliishi miaka saba mingine, akitembelea magongo. Kwa muda mrefu nilimlaumu Mzee Yeremia. Kisha nikajilaumu mimi na daftari langu. Nilipofika kidato cha pili ndipo akili iliponijia kwamba dhambi hazikumwishia Dani hata kidogo. Ile ya Turfena aliijua tangu Jumamosi ya kwanza, na zile ndogo alizitanguliza ili asiifikie. Nilikasirika kweli. Yeye aliyewavua watu siri zao miaka ishirini, mwenyewe ameshindwa na moja. Nikamuuliza wazi kwa nini hakuisema mapema.

Alikuwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, na hakuacha. "Ningeitubu nikapona, basi mimi ndiye niliyemuua yule mtoto," akasema. "Ningeitubu nisipone, basi mkeka ni mkeka tu, na mtoto alikufa bure. Wewe umesoma, Akinyi. Ungechagua ipi?"

Nilidhani ni maneno ya uzee, nikaenda zangu kucheza. Sasa nakaribia umri wake, na ugonjwa wake nimeurithi. Nameza dawa asubuhi na jioni, naikagua miguu yangu kila siku, na hakuna anayeniuliza nimekosa wapi. Swali la Dani bado sijalijibu.